Utaridi ni ya ngapi?

Zamu yetu ya kuandika imefika, sisi wa Bwiza. Tulikuwa tumepanga kuandika historia ya kitu kingine kabisa, lakini imetubidi tuandike juu ya sayari, kwa sababu tumemkosea mtoto na tunataka jambo lijulikane lilivyokuwa.

Ilikuwa hivi. Jumamosi moja tuliwaandalia watoto mashindano ya maswali, uani kwa mama mmoja upande wa Jabe. Timu mbili, maswali ishirini, zawadi ni kaye na biki. Maswali ya sayansi tuliyatoa kwenye kitabu kimoja cha Kiswahili kisicho na jalada, kurasa za mbele zimeliwa na panya. Wanasema kilikuja na mtu aliyerudi kutoka kambi za Kigoma. Swali la kumi na nne: sayari ziko ngapi? Swali la kumi na tano: Utaridi ni sayari ya ngapi ukihesabu kutoka kwenye Jua? Kitabu kinasema sayari ni tisa, na Utaridi ndiyo ya tisa, ya mwisho kabisa.

Msichana mmoja wa miaka kumi na mitatu, ambaye familia yake ilivuka kutoka Uvira, alijibu bila kusita: sayari ni nane, na Utaridi ni ya kwanza. Tukamwambia amekosa, mara mbili. Timu yake ikashindwa kwa pointi moja. Hesabu mnaiona wenyewe.

Jioni alirudi na telefone ya kaka yake, ukurasa wa Kiswahili umefunguliwa, akatuwekea mezani. "Someni," akasema. Hakusema kingine. Tukasoma. Sayari nane, ya kwanza Utaridi. Tukaanza kubishana sisi kwa sisi, wengine wanashika kitabu, wengine wanashika telefone, mpaka mzee mmoja jirani aliyekuwa anacheza bao akacheka na kusema: "Hiyo sayansi yenu! Nasikia walipiga kura ndiyo ile ya tisa ikafukuzwa. Leo tisa, kesho nane, keshokutwa mtatuambia hata Jua halipo. Sasa hiyo na siasa tofauti ni nini?"

Hatukuwa na jibu. Tulikaa karibu mwezi mzima tukitafuta, kila mtu na bundle yake ya intaneti, na haya ndiyo tuliyoyapata.

Tuanze na neno lenyewe. Sayari ni neno la Kiarabu, lina maana ya chenye kwenda, msafiri. Waarabu wa leo wanaliita hivyo hata gari. Wagiriki wa kale nao walikuwa na neno lao lenye maana ya mtangatanga, na ndilo lililozaa neno la Kifaransa na Kiingereza. Kwa nini msafiri? Kwa sababu watu wa zamani walitazama juu, wakaona nyota maelfu zinazokaa pamoja kila usiku, zinachomoza pamoja na kuzama pamoja kama watu wa kijiji kimoja. Halafu kati yake kuna saba ambazo hazikai. Leo ziko karibu na nyota hii, mwezi ujao ziko kwingine. Hizo saba zilikuwa Mwezi, Utaridi, Zuhura, Jua, Mirihi, Mshtarii na Zohali. Ndiyo, Jua na Mwezi walikuwa sayari, na Dunia haikuwa. Dunia ilikuwa imesimama katikati, mwenyeji, na wale wengine ndio wasafiri.

Hapo hawakuwa wajinga. Kwa kipimo chao, yaani kinachotembea na kisichotembea, orodha yao ilikuwa sahihi kabisa. Ukitoka nje usiku bila darubini, hata wewe utaiandika hivyo hivyo.

Na kuna jambo jingine waligundua kwa macho tu, ambalo sisi tuliliona wenyewe bila kujua tunaona nini. Februari 2025, zile wiki watu walipokuwa wanavuka Rusizi kwa maelfu, baadhi yetu tulikuwa Rugombo, kwenye uwanja wa mpira, tukisaidia kupanga foleni za maji na kuandika majina. Jioni, Jua likizama nyuma ya milima ya Kongo, kulikuwa na nyota moja kubwa nyeupe juu ya milima ile. Ilikuwa inawaka mpaka watoto wanaulizana kama ni ndege, na siku zile neno ndege halikuwa neno zuri. Tukawaambia hapana, ni nyota ya jioni. Mwisho wa Machi ikapotea. Aprili, mwenzetu aliyekuwa anaamka mapema kushika zamu ya bomba akasema kuna nyota kubwa alfajiri, mashariki, upande wa milima ya Burundi. Mtoto mmoja akasema: nayo imevuka.

Ilikuwa ni ile ile. Ni Zuhura. Wagiriki wa mwanzo waliipa majina mawili, moja la jioni na moja la asubuhi, kama ni nyota mbili. Wababeli walikuwa wanaandika siku inayopotea na siku inayorudi, na kwa kuandika tu, mwaka hadi mwaka, walijua mapema kwamba ni moja. Kwa hiyo nyota mbili zikawa moja, na huko angani hakuna kilichobadilika.

Mageuzi makubwa yalikuja mwaka 1543, kitabu cha Nicolaus Copernicus wa Poland kilipotoka. Yeye aliweka Jua katikati. Mara moja neno sayari likapata maana nyingine: sasa ni kitu kinachozunguka Jua. Jua likatoka kwenye orodha, Mwezi nao ukatoka kwa sababu unazunguka Dunia, na Dunia, iliyokuwa mwenyeji, ikaingizwa kwenye orodha ya wasafiri. Sisi tunapenda sana hapo. Kila mtu aliyekuwa anajiona amesimama imara aliambiwa naye yuko safarini.

Zikabaki sita. Ya saba ilipatikana tarehe 13 Machi 1781, na aliyeipata ni William Herschel, mwanamuziki mzaliwa wa Hanover, Ujerumani, aliyehamia Uingereza akiwa kijana baada ya majeshi ya Ufaransa kuvamia kwao mwaka 1757. Huko aliishi kwa kufundisha muziki, usiku anasugua vioo vya darubini zake mwenyewe. Alipokiona kile kitu alisema ni kimondo chenye mkia. Wenzake walipopiga hesabu ya njia yake wakakuta hakiendi kama kimondo, kinazunguka mbali nje ya Zohali. Ndiyo Uranus. Angalieni: hata aliyegundua alikipa kundi lisilo lake, na hakuna aliyemwita mwongo.

Sasa tunafika sehemu ambayo vitabu vya shule huiruka, na sisi tunaona ndiyo yenye jibu la yule mzee. Tarehe 1 Januari 1801, padri mmoja wa Palermo, Sicily, jina lake Giuseppe Piazzi, aliona kitu kidogo kati ya Mirihi na Mshtarii. Akakifuatilia kwa wiki chache, akaugua, na kikapotelea kwenye mwanga wa Jua. Hakuna aliyejua kitatokea wapi tena. Kijana wa miaka 24, Carl Friedrich Gauss, alikaa na vipimo vile vichache akatafuta njia ya hesabu, akasema kitafuteni hapa. Mwisho wa mwaka ule kikapatikana karibu na pale aliposema. Kiliitwa Ceres, na kiliingia kwenye vitabu kama sayari.

Mwaka 1802 kikapatikana kingine maeneo yale yale, Pallas. Mwaka 1804 Juno. Mwaka 1807 Vesta. Mtoto aliyekuwa shule Ulaya mwaka 1820 angeweza kufundishwa kwamba sayari ni kumi na moja. Mnasikia? Kumi na moja! Hiyo tisa ambayo tuliishika kama vile imeshuka na mvua, haikuwepo. Halafu kuanzia 1845 vikaanza kupatikana vingine na vingine, kufika mwisho wa 1852 vilikuwa vimepita ishirini. Wanaastronomia wakaona haiwezekani. Hii si sayari na sayari, hii ni jamii ya vitu vidogo vinavyokaa mtaa mmoja. Herschel alikuwa amependekeza tangu 1802 viitwe asteroidi, na taratibu, bila mkutano mkubwa wala kura, wakaviondoa kwenye orodha ya sayari. Ceres ilifukuzwa kama miaka 150 kabla ya Pluto. Hakuna aliyelia, kwa sababu waliolia walikwisha kufa.

Neptun iligunduliwa mwaka 1846, na hiyo tunaipita haraka. Tuende kwa Pluto.

Clyde Tombaugh alikuwa mtoto wa mkulima huko Kansas, Marekani. Mvua ya mawe iliharibu mazao yao na matumaini ya chuo kikuu yakaishia hapo. Alikuwa na masomo ya sekondari tu, kama wengi wetu tunaoandika hapa. Alijitengenezea darubini kwa vyuma chakavu vya mashine, akachora Mirihi na Mshtarii alivyoviona, akatuma michoro kwenye kituo cha Lowell, Arizona. Wakamwita kazini. Kazi yenyewe ilikuwa ya kuchosha: kupiga picha sehemu ile ile ya anga siku tofauti, halafu kulinganisha picha mbili, nukta kwa nukta, maelfu na maelfu ya nukta, kutafuta moja tu iliyosogea. Tarehe 18 Februari 1930 akaiona. Alikuwa na miaka 24. Jina la Pluto lilitolewa na msichana wa Uingereza wa miaka kumi na mmoja, Venetia Burney. Kwa hiyo sayansi ilikuwa inawasikilizaga watoto wa kike kabla yetu, na sisi mwaka huu tumemnyima mmoja pointi zake.

Walidhani Pluto ni kubwa, labda kama Dunia. Kila walipopima vizuri ikapungua. Mwaka 1978 James Christy aligundua kwamba ina mwezi wake, Charon, na ukiona mwezi unavyozunguka unaweza kupiga hesabu ya uzito wa kile unachokizunguka. Jibu lilikuwa chini ya sehemu moja kwa mia nne ya Dunia. Leo tunajua upana wake ni kilomita kama 2,377. Mwezi wetu huu ni kilomita 3,474. Pluto inaingia ndani ya Mwezi na nafasi inabaki.

Na hapa ndipo mmoja wetu, yaya wa kikundi, alipoleta habari iliyotunyamazisha. Jane Luu alizaliwa Saigon, Vietnam, mwaka 1963. Aprili 1975, mji ulipokuwa unaanguka, familia yake ilikimbia. Wakapita kambi za wakimbizi, wakafika Marekani, mji wa Paducah, Kentucky. Alisoma mpaka akaingia kwenye astronomia. Kuanzia 1987 yeye na mwalimu wake David Jewitt walianza kutafuta kama huko nje, mbali zaidi ya Neptun, kuna kitu kingine zaidi ya Pluto. Walitafuta miaka mitano bila kuona chochote. Tarehe 30 Agosti 1992, juu ya mlima Mauna Kea, Hawaii, wakaona nukta inayosogea polepole. Kilikuwa kitu kidogo, lakini kilionyesha kwamba Pluto haiko peke yake. Baada ya hapo vikapatikana mamia. Mwaka 2012 wote wawili walipewa tuzo ya Shaw na tuzo ya Kavli kwa kazi hiyo.

Tunaandika hili kwa ajili ya wale wanaotuambiaga kwamba mkimbizi kazi yake ni kusubiri. Lakini pia kwa sababu ndilo lililomaliza hadithi ya sayari tisa. Kura ilikuja baadaye. Kilichoiondoa Pluto ni zile usiku za miaka mitano juu ya mlima. Ikawa kama Ceres tena: ulidhani umeona nyumba moja kubwa porini, kumbe ni ya kwanza kuonekana ya mtaa mzima.

Mwaka 2005 Mike Brown na wenzake wawili walitangaza kitu kingine huko huko, ambacho baadaye kiliitwa Eris. Kwanza walidhani ni kikubwa kuliko Pluto. Vipimo vya baadaye vinaonyesha upana wake ni mdogo kidogo, lakini uzito wake unaizidi Pluto. Sasa ikabidi kuchagua. Kama Pluto ni sayari, Eris nayo ni sayari, na kesho ya kumi na moja, na keshokutwa ya ishirini. Kama Eris siyo, basi Pluto inakaaje?

Umoja wa Kimataifa wa Astronomia ulikutana Prague Agosti 2006. Pendekezo la kwanza lingefanya sayari ziwe kumi na mbili: zile tisa, pamoja na Ceres (imerudi!), Charon na Eris. Wakabishana wiki nzima, likakataliwa. Tarehe 24 Agosti wakapitisha masharti matatu. Sayari izunguke Jua. Iwe na uzito wa kutosha ili mvutano wake uifanye mviringo. Na iwe imesafisha njia yake, yaani iwe ndiyo mkubwa wa mtaa wake, haina wenzake wa kulingana nao. Pluto inapita mawili, la tatu inashindwa. Ikawekwa kwenye kundi jipya la sayari kibete, pamoja na Ceres na Eris. Mwaka 2008 wakaongezwa Haumea na Makemake.

Waliopiga kura siku ile walikuwa 424, na wanachama wa umoja ule walikuwa maelfu. Wengi walikuwa wameshaondoka Prague. Alan Stern, aliyeongoza safari ya chombo kilichopita karibu na Pluto tarehe 14 Julai 2015, alipinga na bado anapinga, anasema hata Dunia ina vijiwe vingi kwenye njia yake. Sisi tunaona ana hoja. Lile neno "kusafisha njia" halikuandikwa vizuri, na sharti la kuzunguka Jua letu linaziacha nje sayari zote za nyota nyingine.

Kwa hiyo, mzee wetu, ni kweli walipiga kura. Lakini hawakupiga kura kwamba Pluto iwe ndogo. Hakuna mkutano unaoweza kuipunguza hata kilomita moja. Upana wake, uzito wake, njia yake ya miaka 248 kuzunguka Jua mara moja, vyote vilipimwa, na anayebisha anaweza kupima tena. Kura ilikuwa juu ya neno: tukisema sayari, tunataka kusema nini?

Mkitaka mfano wa hapa hapa, angalieni Bwiza. Ilikuwa komini. Mji ulipopangwa upya kuwa na komini tatu, Bwiza ikawa zoni ndani ya Mukaza. Na Burundi ilikuwa na mikoa 18, watoto wameimba majina yote 18 shuleni, halafu mwaka 2025 ikawa mitano. Kambi ya Musenyi ilikuwa mkoa wa Rutana, sasa iko Burunga. Hakuna kilima kilichosogea. Mtoto aliyejibu 18 mwaka 2015 hakukosea, na anayejibu mitano leo hakukosea. Ila mfano huu una mpaka wake. Mikoa huunganishwa kwa uamuzi wa serikali, anga haikungoja serikali. Bila Eris na wenzake, hakuna aliyekuwa na haja ya kikao cha Prague.

Jambo lenyewe linatuuma pia kwa sababu sisi nasi tunaishi ndani ya makundi yaliyoandikwa na watu kwenye vikao. Mkataba wa wakimbizi wa mwaka 1951 ulihesabu waliokimbia kwa matukio ya kabla ya tarehe 1 Januari 1951, na nchi ziliruhusiwa kuhesabu matukio ya Ulaya peke yake. Babu zetu hawakuwemo. Itifaki ya 1967 ikaondoa mpaka huo wa tarehe. Halafu Umoja wa Afrika wa wakati ule, Addis Ababa, tarehe 10 Septemba 1969, ukapanua maana: hata anayekimbia uvamizi au machafuko makubwa ya nchi ni mkimbizi, hata kama hakuna aliyemtafuta yeye kwa jina lake. Walioandika waliona watu mbele yao ambao maana ya zamani haiwatoshi, ndiyo wakaibadilisha. Mpaka hapo tunafanana na Ceres na Pluto. Baada ya hapo hatufanani. Pluto haipangi foleni. Ukiiita sayari au kibete, haipati wala haikosi ugali. Mtu akibadilishiwa kundi kwenye karatasi, jioni yake inabadilika. Kwa hiyo ndugu zetu mnaoshika hizo fomu, mkisema "ni jina tu", mjue hilo linasemeka kwa jiwe.

Na kuna jingine la kazi zetu. Mwaka 2024, mpox ilipoingia Bujumbura, tulizunguka nyumba kwa nyumba. Shirika la Afya Duniani lilikuwa limebadilisha jina la ugonjwa mwishoni mwa 2022, na baadhi ya watu walikuwa wamesikia jina la zamani kwenye redio. Mama mmoja akatuuliza: jana ulikuwa ugonjwa wa nyani, leo mnasema mpox, ni ugonjwa mmoja au mnatudanganya? Tulimjibu kwa haraka, "ni mambo ya wataalamu," tukaondoka. Jibu baya. Tungemwambia ugonjwa ni ule ule, jina limebadilishwa kwa sababu la kwanza lilikuwa linawatia watu aibu na ubaguzi, na mikono inaoshwa vile vile. Dakika mbili tu. Yule mama hakuwa mkaidi, alikuwa anauliza swali lile lile la mzee wa bao.

Turudi kwenye Utaridi, maana hapo mzee alikuwa hajui, na sisi hatukujua: kosa letu halikuwa la Prague hata kidogo.

Utaridi kwa Kiarabu, na kwa Kiswahili cha wanafalaki wa pwani, ni ile ndogo iliyo karibu kabisa na Jua. Ndivyo ilivyokuwa tangu zamani za wale wasafiri saba. Lakini katika karne iliyopita, watu walipotafuta majina ya Kiswahili ya sayari zote tisa kwa ajili ya shule, wasafiri wa zamani walikuwa wachache na sayari zikawa nyingi. Kwenye baadhi ya orodha majina yakahama. Ile ya kwanza ikaitwa Zebaki, jina la ile madini ya majimaji ya kwenye kipimajoto, kwa kuwa kwa Kiingereza vyote viwili vina jina moja. Jina Utaridi likabaki bila mwenyewe, likapelekwa kwa Pluto. Zohali, ambayo ni ile yenye pete, ikapewa Uranus, na yenye pete ikaitwa Sarateni, ambalo ni jina la nyota za Kaa. Neptun ikaitwa Kausi, yaani upinde, jina la nyota za Mshale. Orodha nyingine hazikufuata hivyo. Ndiyo maana vitabu viwili vya Kiswahili, vyote vizuri, vinaweza kukupa anga mbili.

Kwa hiyo kitabu chetu kilikuwa na kosa moja la umri, lile la tisa, ambalo siku kilipochapwa halikuwa kosa. Na kilikuwa na Utaridi aliyepelekwa mwisho wa dunia bila kuulizwa. Mmoja wetu, baada ya kusikia kwamba Pluto imeondolewa, alikuwa ameshachukua kalamu na kukata neno Utaridi kwenye kitabu. Alikuwa amefuta sayari nzima, ile ya kwanza, ambayo ipo na inazunguka Jua kila siku 88.

Tulimfuata msichana kwao, mbele ya mama yake, tukamwambia amekuwa sahihi mara mbili na sisi tumekosa mara mbili. Timu yake ilipata kaye zao. Tuliwaachia na ile timu nyingine zile walizokwisha kupewa, maana wao hawakuwa na kosa. Akatuuliza kitabu tutakitupa? Tukasema hapana, kina habari nzuri za maji na udongo. Akakiomba, akachukua penseli. Pembeni ya Utaridi iliyokatwa akaandika: "Hapa ni Pluto. Utaridi amerudi kwake." Pembeni ya neno tisa akaandika: "mpaka 2006".

Mashindano yajayo, maswali ya sayansi anatunga yeye. La kumi na nne amelibakiza, ila ameongeza maneno: kwa masharti ya mwaka 2006, sayari ziko ngapi? La kumi na tano bado anabishana na yule mzee wa bao namna ya kuliandika.